Mchango wa Chakula Shuleni Hukaguliwa Mlangoni

Debe moja la mahindi lina kilo 17 hivi. Mzazi akilileta shuleni likiwa na viganja viwili vya punje zenye ukungu, kisha likamiminwa kwenye gunia pamoja na madebe ya wenzake, hakuna tena wa kuzitoa punje zile. Zitakobolewa, zitachemshwa na maharage, na watoto watazila. Kwa hiyo katika shughuli yote ya wazazi kuchangia chakula cha mchana, dakika inayohitaji umakini kuliko zote ni ile ambayo debe bado liko mlangoni mwa stoo na mdomo wa gunia la shule bado umefungwa.

Tunaandika kuhusu shule za msingi za kutwa Tanzania Bara, hasa vijijini na kwenye miji midogo, ambako mtoto huondoka nyumbani alfajiri, mara nyingi bila kitu tumboni, na kurudi jioni. Mahindi, maharage, kunde, mchicha na viazi vimejaa mashamba yanayoizunguka shule. Chakula kipo, na kinachokosekana ni njia salama na ya haki ya kukitoa kwenye maghala ya kaya mia tano na kukifikisha kwenye sahani moja.

Njia hiyo iliwahi kukatika. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, wazazi wengi walielewa kwamba hawatakiwi kupeleka chochote tena, na masufuria ya shule nyingi yakakaa jikoni bila kazi. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ukafafanua kuwa chakula cha mwanafunzi wa kutwa bado ni jukumu la mzazi. Hadi leo kuna mikutano ya kijiji inayovunjika kwa sababu mtu mmoja amesimama na kusema "elimu ni bure". Mwenyekiti wa kamati ya shule aende na waraka huo mkononi, ausome, kisha aseme waziwazi kuwa hakuna mtoto atakayefukuzwa wala kunyimwa chakula. Mambo hayo mawili yasemwe pamoja. La kwanza likisemwa peke yake, watu wanasikia amri.

Kiasi cha kuomba, na kosa la hesabu linalojirudia

Kwa makande, kipimo kinachomtosha mtoto wa shule ya msingi kwa mlo wa mchana ni gramu 120 za mahindi yaliyokobolewa, gramu 40 za maharage, gramu 5 za mafuta na gramu 3 za chumvi yenye madini joto. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Kamati nyingi huzidisha 120 kwa 194, zikapata kilo 23 na kidogo, zikatangaza kuwa kila mtoto atachangia kilo hizo. Hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa kuwa mzazi analeta mahindi ambayo hayajakobolewa, na mashine ya kukoboa huondoa kama moja ya tano ya uzito, mahali pengine zaidi. Ili kubaki na gramu 120 unahitaji gramu 150. Kwa mwaka hiyo ni kilo 29, yaani debe moja na robo tatu. Kamati iliyokusanya kilo 23 itaona stoo tupu wiki nane kabla ya muda, na lawama zitamwangukia mpishi au mwalimu wa chakula, ingawa hakuna aliyeiba.

Maharage ni kilo 8 kwa mtoto kwa mwaka, mafuta lita moja, chumvi kilo 0.6. Shule ya watoto 500 inatumia kilo 75 za mahindi ambayo hayajakobolewa na kilo 20 za maharage kila siku ya kupika. Kwa mwaka mzima ni magunia kama 146 ya mahindi na 39 ya maharage, kwa kipimo cha kilo 100. Pumba inayobaki mashineni ni mali ya shule. Iandikwe kwenye leja, iuzwe, na mara nyingi fedha yake inasaidia sana kulipa gharama ya kukoboa.

Muda wa kuomba ni wa maana kuliko maneno ya kuombea. Januari, shule zinapofunguliwa, ghala la kaya nyingi limepungua, bei ya mahindi imepanda, na mzazi ananunua sare na madaftari. Kumwomba debe mwezi huo ni kumwomba chakula cha wadogo zake mwanafunzi. Kwenye mikoa ya msimu mmoja wa mvua kama Iringa, Njombe, Mbeya na Ruvuma, mchango wa mahindi uombwe Juni hadi Agosti, mahindi yakiwa yameshapukuchuliwa na kukauka. Maharage yaliyopandwa kati ya mahindi huvunwa mapema zaidi, basi yapokelewe kwanza, peke yake. Kwenye misimu miwili, kama Kilimanjaro na Kagera, mchango ugawanywe mara mbili kufuata mavuno. Mgawanyo huo pia unapunguza mzigo wa stoo.

Wapo wasio na debe. Bibi anayelea wajukuu watatu, mjane, kaya ambayo shamba lake lilikosa mvua. Hawa wana mikono, na shughuli hii ina kazi nyingi za mikono: kuchambua maharage, kupepeta, kuteka maji, kushona magunia, kukarabati jiko. Siku mbili za kuchambua nafaka zihesabiwe kuwa mchango kamili na ziandikwe kwenye leja ileile. Asiyeweza hata hilo aachwe, na mtoto wake ale. Orodha ya waliotoa na wasiotoa ibaki kwa mwenyekiti na mtunza stoo. Mwalimu asiisome mstarini. Mtoto anayetajwa jina mbele ya wenzake kwa ajili ya debe ambalo si yeye wa kulileta huanza kutoroka saa ya chakula, kisha hutoroka shule yenyewe. Jambo hili linatuuma kuliko mengine yote katika makala hii.

Mchango ukifika nusu tu ya lengo, kamati hujikuta ikichagua kati ya kulisha baadhi ya watoto kila siku au kulisha wote siku chache. Pikeni kwa wote siku mbili au tatu kwa wiki, kwa kipimo kamili. Kupunguza kipimo hadi gramu 60 kunampa mtoto kitu ambacho si chakula wala si njaa, na kulisha watoto wa waliochangia peke yao kunaua mpango ndani ya muhula mmoja.

Mlangoni

Tengeni siku maalumu za kupokea, mbili kwa wiki kwa wiki tatu au nne baada ya mavuno. Mchango unaoletwa siku yoyote na mtu yeyote hupokelewa na yeyote aliyepo, na huyo hukosa muda wa kukagua. Mnahitaji mizani, turubai safi la rangi ya kung'aa, ungo, chupa ya glasi kavu, bambo la kuchoma gunia na kutoa punje za ndani, leja na kitabu cha stakabadhi. Watu watatu wanatosha: mmoja wa kukagua, mmoja wa kupima, mmoja wa kuandika. Mkaguzi asiwe mwalimu mkuu. Mama mkulima aliyezeeka na nafaka ana jicho zuri kuliko mtu wa ofisini.

Debe limwagwe kwanza kwenye turubai, kamwe si kwenye gunia. Mkaguzi anatafuta punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi kuwa kijani, kijivu au njano ya kuchafuka, na zenye unga wa wadudu. Hizi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu. Sumukuvu haionekani kwa macho, haina ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kati ya wagonjwa 317 waliogundulika. Mwaka 2016 ikaua watu 20 Dodoma na Manyara. Mahindi mengi yaliyoua yalikuwa ya nyumbani, yaliyolimwa na kuhifadhiwa na walaji wenyewe. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya sehemu 10 kwa kila bilioni moja. Kipimo cha maabara hakipo kijijini, ila kuchambua kwa mkono kunaondoa sehemu kubwa ya hatari, na kukoboa kunapunguza zaidi, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Ndiyo sababu nyingine ya kuchambua kabla ya kwenda mashineni: pumba ya mahindi mabovu ndiyo yenye sumu kuliko mahindi yenyewe.

Punje zilizotupwa zichomwe au zifukiwe. Zisipelekwe kwa kuku wala ng'ombe. Ng'ombe akizila, sumu inatoka kwenye maziwa, na maziwa yanarudi kwa mtoto yuleyule.

Kisha unyevu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi asilimia 13.5. Jaza chupa ya glasi kavu kabisa hadi theluthi moja kwa mahindi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyoanikwa ikakauka, funga, tikisa dakika mbili au tatu, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, unyevu umepita asilimia 15, na mahindi hayo yaanikwe zaidi. Isipoganda, jua tu kwamba yako chini ya 15. Bado yaanikwe siku moja zaidi juu ya turubai kabla ya kufungwa. Chumvi yenye unyevu hudanganya, na chupa iliyooshwa asubuhi hiyohiyo hudanganya pia.

Muulize mzazi swali moja: ulitia dawa gani na lini? Dawa ya unga ya kuhifadhia ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti, na nafaka iliyotiwa wiki iliyopita itengwe hadi muda huo upite. Mahindi yenye rangi ya waridi, nyekundu au kijani ni mbegu iliyopakwa dawa. Hayapokelewi, hata punje kumi, na kuosha hakusaidii. Kila msimu kuna mtu aliyebakiwa na mbegu ambaye kwa moyo mwema kabisa anadhani zitafaa makande.

Namna ya kukataa ina adabu yake. Mzazi aonyeshwe punje kwenye ungo, aelezwe, apewe nafasi ya kuchambua palepale chini ya mti kisha apimiwe kilichobaki. Akirudishwa na debe lake kichwani mbele za watu, mwakani hatakuja.

Ukaguzi huo usimwache mtu. Mfanyabiashara anayeleta magunia kumi kwenye gari, kanisa linaloleta sadaka ya mavuno, msikiti, mbunge, wazawa waliohamia mjini: magunia yao yachomwe bambo, kila moja, juu, katikati na chini, mbele yao. Gunia la kupewa huwa na tabia ya kuwa na mahindi mazuri juu. Kwa wahisani wa mjini tungeshauri zaidi waombwe visivyolimwa kijijini. Mifuko ya kuhifadhia, mizani, mafuta ya alizeti yaliyofungwa kiwandani na chumvi vina faida kubwa kuliko gunia la mchele lililosafirishwa kilomita mia nne kuja mahali palipojaa mahindi.

Unga wa lishe wa kuletwa tunaukataa kabisa, hasa ule wa nafaka kumi na karanga na soya. Huwezi kuchambua unga. Karanga na mahindi ndivyo vinavyoshikwa zaidi na sumukuvu, soya isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri huzuia protini isimeng'enywe, na wingi wa nafaka hauongezi lishe kwa namna watu wanavyoamini. Mtoto wa darasa la awali, anayetoka mapema, apewe uji wa saa nne wa mahindi yaliyochambuliwa shuleni, wenye maziwa yaliyochemshwa kama yapo.

Stoo

Dumuzi, mdudu wa nafaka ambaye wakulima wengi humwita Skania, aliingia nchini kupitia Tabora na tangu miaka ya mwanzo ya 1980 amekuwa akila mahindi kuliko fukusi. Ndani ya miezi michache anageuza gunia kuwa unga. Jibu lake bora bila dawa ni mifuko ya kinga njaa: mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia moja la kawaida. Nafaka ikifungwa humo, wadudu wanamaliza hewa ya oksijeni na kufa.

Wengi wanaishindwa kwa mambo madogo. Puliza kila mfuko wa plastiki kwanza, uukamue, usikilize kama unavuja. Jaza wa ndani, shindilia pembeni, bakiza shingo ya sentimita 30, isokote, ikunje, ifunge kwa kamba. Fanya hivyo kwa wa pili, kisha gunia la nje. Usiufungue kwa mwezi wa kwanza. Usiuchungulie kila wiki, maana kila ukifungua hewa inaingia na kazi inaanza upya. Kwa shule yetu ya watoto 500 mfuko wa kilo 100 unafunguliwa siku moja na kwisha kesho yake, na hilo linafaa. Magunia yakae juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni na nusu mita kutoka ukutani, ili mtu aweze kupita nyuma kuona kinyesi cha panya. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza, na tarehe iandikwe kwa kalamu nene upande unaoonekana.

Vidonge vya kufukiza visitumike na mtu asiye na mafunzo, wala ndani ya jengo lenye darasa au mlinzi anayelala. Gesi yake inaua watu.

Stoo iwe na kufuli mbili za watu wawili tofauti. Kila Ijumaa karatasi ibandikwe ukutani: kilichokuwepo, kilichoingia, kilichopikwa, idadi ya watoto waliokula, kilichobaki. Majina hayahitajiki.

Sufuria

Maharage ya kaya mbalimbali ni ya aina nyingi na miaka mingi. Yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hukataa kuiva, na ukiyachanganya na mapya, mapya yatapasuka wakati ya zamani bado yanagonga meno. Yatenganishwe tangu mlangoni kwa aina na msimu, na ya zamani yapikwe kwanza, siku zake. Yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, yachemke kwa nguvu. Maharage mekundu yaliyoiva nusu huumiza tumbo kwa kutapika na kuharisha. Wapishi wengi huongeza magadi ili yaive haraka, na kweli yanaiva, lakini magadi yanaharibu vitamini B1, ambayo tayari imepungua kwa kukoboa. Kuloweka kunafanya kazi hiyohiyo bila hasara.

Kilo 60 za mahindi yaliyokobolewa na 20 za maharage hutoa zaidi ya kilo 200 za makande, hivyo masufuria mawili ya lita 150 hadi 200 yanahitajika. Serikali imeagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Shule ambazo bado zinaomba kila mtoto aje na kuni zigeuze ombi hilo mapema kuwa mchango wa gesi au jiko. Nafaka iliyolowekwa inapunguza nishati kwa kiasi ambacho kamati itakiona kwenye mtungi.

Mboga, kwa zamu

Makande peke yake yanashibisha bila kumpa mtoto vitamini A na madini ya chuma ya kutosha. Wazo la kwanza huwa bustani ya shule. Gramu 40 za majani kwa watoto 500 ni kilo 20 kwa siku. Tuta la mita 1 kwa 10 linalotunzwa hutoa kilo 10 hadi 15 za mchicha kwa mzunguko wa wiki nne. Kwa mboga mara mbili kwa wiki unahitaji matuta kama 16, na wakati wa kiangazi matuta hayo hunywa lita 800 kwa siku, yaani ndoo 40. Bustani nyingi za shule zinakufa Agosti kwa sababu hiyo moja. Penye bomba au kisima karibu, limeni. Pasipokuwepo, tumieni bustani za wazazi.

Darasa la kwanza hadi la saba ni madarasa saba. Kwa watoto 500, kila darasa lina watoto kama 70. Kila siku ya mboga iwe ya darasa moja: kila mtoto wa darasa hilo analeta fungu moja la gramu 300 hivi za mchicha, matembele, majani ya kunde au ya maboga. Kilo 20 zinapatikana, na zamu ya darasa moja inarudi baada ya wiki tatu na nusu. Asiye na bustani halaumiwi, mafungu 60 bado yanatoa kilo 18. Majani yaoshwe kwanza ndipo yakatwe, yaingie sufuriani dakika kumi za mwisho, pamoja na mafuta, kwa sababu vitamini A haifyonzwi vizuri bila mafuta. Kisamvu kisipokelewe kwa zamu hiyo isipokuwa kitatwangwa na kuchemshwa muda mrefu, kwa kuwa kibichi kina sumu ya sianidi.

Matunda yana msimu wake: pera, papai, chungwa, embe. Kipande kimoja baada ya makande husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage. Chai ya rangi pamoja na mlo hufanya kinyume chake, basi walimu wasiigawe saa hiyo. Viazi lishe vya rangi ya chungwa viombwe kwa marando, yaani mashina ya kupandia, kuliko kwa viazi: fungu la vipande vya sentimita 30 kutoka kwa kaya moja hupandwa kwenye eneo la shule lenye unyevu, na msimu unaofuata watoto wanabeba marando kurudisha nyumbani. Dagaa wapokelewe waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani huja na kokoto ambazo hakuna kuosha kunakozimaliza.

Desemba shule inapofungwa, stoo isifungwe na mabaki ndani bila kuguswa. Mfuko wowote uliofunguliwa upimwe, ugawiwe kwa kaya ambazo kamati inajua zimeishiwa, na uandikwe kuwa umetoka. Iliyofungwa ihesabiwe na watu wawili, funguo zisainiwe, na mtu mmoja apewe siku ya kuja kila wiki kukagua panya na paa linalovuja, kwa kuwa mvua za Desemba huanza wakati ambapo hakuna mwalimu hata mmoja kwenye eneo la shule.